Karatasi Mbili za Mlima Lusungo

1

Asubuhi hiyo karatasi ya Lwifa ilichelewa, na Subilaga Mwambeta akafanya kosa ambalo mtu aliyepumzika vizuri asingelifanya. Aliingiza kwenye kompyuta karatasi ya Itebela peke yake, akabonyeza kitufe cha kushusha, akaenda zake kuchemsha chai.

Hakuwa mzembe, jamani. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji mkuu wa Kituo cha Lusungo, kibanda cha mabati kilichojengwa mgongoni mwa mlima, na kila siku ya Mungu kazi ilikuwa ile ile. Karatasi moja hupanda kutoka bonde la Itebela, mashariki. Nyingine hupanda kutoka bonde la Lwifa, magharibi. Yeye huzijumlisha, hugawa kwa mbili, huipa kompyuta jibu, kompyuta hushusha, naye huandika neno moja daftarini: Umetulia. Kisha karatasi zote mbili huchomwa ndani ya kopo la rangi mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila bonde.

Kinachotulia ni uga. Mlima Lusungo ulipasuka kuanzia kileleni hadi kiunoni wakati wa tetemeko kubwa la zamani, nusu ukaning'inia juu ya Itebela na nusu juu ya Lwifa. Badala ya kuwahamisha watu, Bodi ya Milima ilisimamisha nguzo kumi na mbili kuuzunguka mlima, ikatandaza katikati yake uga unaoushika mwamba kama kiganja kinavyoshika tonge. Vitabuni unaitwa uga wa geji. Kazi yake ya asili, kabla watu hawajaufundisha kushika milima, ni kulinganisha: kila mahali pana kipimo chake, na uga ndio unaosema kipimo cha hapa kinakuwaje ukikipeleka kule. Watu wa mabondeni hawakuwa na haja na maneno hayo. Waliuita mkono, wakalima viazi chini yake.

Sasa, uga wowote hupenda kushuka. Umebeba nguvu, na kama maji, unatafuta pa chini pa kukaa. Ndiyo maana kila asubuhi kompyuta huchukua picha ya uga wa siku hiyo na kuiachia iteremke kidogo kidogo, mikunjo yake ikinyooka kama shuka chini ya pasi, mpaka ifike pasipo na mteremko tena. Ikisimama pale pale iliposimama jana, uga umetulia na watu wanaweza kulala.

Aliporudi na kikombe chake, picha haikuwa imesimama. Ilikuwa inatembea. Polepole mwanzoni, kisha kwa haraka, ikaliacha lile umbo alilolizoea kuliko sura ya mumewe, ikaenda kusimama mahali asipopajua, nguzo za mashariki zikiwa zimekaza na za magharibi zimelegea kabisa.

Akasema moyoni, mama wee, nimeingiza vibaya. Akarudia. Ikatembea tena, ikaishia kule kule.

Saa tatu na nusu Ambakisye Mwaijande akafika na karatasi ya Lwifa, amelowa mpaka magoti. Pikipiki ilikuwa imenasa kwenye tope la masika. Ambakisye alikuwa mpimaji wa upande wa Lwifa, na pia mdogo wa marehemu mume wake, kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kutaniana, na kwa kawaida angepokewa na neno la uchokozi kuhusu pikipiki yake. Siku hiyo Subilaga aliipokea karatasi bila hata salamu. Akaiingiza peke yake. Picha ikatembea upande wa pili, mpaka nguzo za magharibi zikakaza na za mashariki zikalegea. Akazijumlisha karatasi mbili, akagawa kwa mbili kama alivyofanya maisha yake yote, akashusha.

Ikakaa kimya mahali pake. Umetulia.

2

Stoo ya kituo ilikuwa na paa la mabati lililokwisha kuchoka. Mgongo wake ulikuwa umebonyea katikati, bati likiteremka mashariki na bati likiteremka magharibi. Subilaga alichukua kiazi kwenye gunia, akamwomba Ambakisye, ambaye ni mrefu, akiweke pale juu kwenye ule ubonyeo.

Kikakaa. Akamwambia akisukume kufuata mgongo wa paa. Ambakisye akakisukuma, kiazi kikapanda kidogo, kikarudi katikati. Akamwambia tena, akasukuma tena, kikarudi tena.

"Ndivyo tulivyopima miaka yote," alisema Subilaga. "Sasa kiguse kwa ubavuni."

Ambakisye akakigusa kwa ncha ya kidole. Kiazi kikabiringika batini, kikadondoka kwenye tope upande wa Lwifa. Hakucheka, wala hakusema neno la utani.

Naye Subilaga akamweleza, ingawa nusu ya maelezo yale ilikuwa ni kujisema mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza wa nguzo, watu wa Itebela walidai mkono umeegemezwa Lwifa, na watu wa Lwifa wakadai kinyume chake, kila upande ukipunga karatasi ya vipimo vyake. Yakatoka mapanga, na watu watatu wakazikwa wiki moja. Yeye alikuwa na miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Itebela aliyeolewa Lwifa, ana ndugu waliokufa huku na mashemeji waliojeruhiwa kule. Akatoa wazo lililoonekana la busara kuliko yote: kila upande upime, zijumlishwe, zigawanywe kwa mbili, na karatasi zichomwe hapo hapo ili asibaki mtu wa kupunga chochote. Mabonde yote mawili yalimshukuru. Walichanga wakamnunulia mtamba wa ng'ombe, na hakuna panga lililoinuliwa tena.

Lakini kile ambacho upande mmoja ulizidi mwingine, ile tofauti, ndicho kilichokuwa kinaonyesha kwamba uga unayumba kwa ubavuni. Ukijumlisha na kugawa, tofauti inajifuta. Inabaki ile habari njema tu, kwamba kwa kufuata mgongo kiazi hurudi.

"Tulichokuwa tunakichoma kwenye kopo, shemeji, ndicho kilichokuwa ugonjwa wenyewe," alisema. "Na kopo nililileta mimi."

Nyuma ya ukuta wa kituo mtu alikohoa mara moja. Huyo alikuwa Mzee Mwaijande, shahidi wa Lwifa, baba yake Ambakisye na baba mkwe wake Subilaga. Kwa mila za Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hamsemeshi, wala hakai naye mahali pamoja. Vijana wengi wameziacha mila hizo, lakini mzee hakuwa kijana. Alipochaguliwa kuwa shahidi, watu waliuliza atashuhudiaje, naye akajibu kwamba atakaa nyuma ya ukuta na kushuhudia moshi. Miaka ishirini na sita alishuhudia moshi. Ukiinuka vizuri hukohoa mara moja, maana yake ameridhika, kisha hushika njia. Siku hiyo alikuwa amekohoa kuuliza mbona moshi haujatoka. Shahidi wa Itebela hakuwa amepanda kwa sababu ya mvua.

Subilaga alizichukua karatasi mbili za siku hiyo, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa koti. Kisha akachoma kipande cha gazeti.

Mzee akakohoa, akaenda zake. Na huo ulikuwa uongo wa kwanza ambao mkamwana yule alimwambia baba mkwe wake, bila hata kufungua mdomo.

3

Siku mbili walikaa na hesabu. Zilipotoka, hazikuwa na huruma.

Pa chini pa uga ule palikuwa pawili, si mahali pamoja tu. Pa kwanza, mkono unashika bega la mlima lililo juu ya Itebela na kuliachia la Lwifa. Pa pili, unashika la Lwifa na kuliachia la Itebela. Pa tatu pa kuyashika yote mawili hapakuwepo, na wala hapakuwahi kuwepo. Kile walichokiita salama kilikuwa mgongo wa paa, na mvua za mwaka huo zilikuwa zinakisukuma kiazi ubavuni kila siku zaidi ya jana. Siku tano, pengine sita, uga ungeanguka wenyewe. Upande gani, hata Mungu alikuwa bado anafikiri.

Kuanguka wenyewe si lazima. Ukizilegeza nguzo mbili kwa kiasi kidogo tu, kama uzito wa mtu aliyeegemea, uga ungekwenda unakotaka wewe, na ukifika chini ungetulia kweli, kiasi kwamba huwezi kuung'oa hata kwa tetemeko. Bonde moja lingezikwa. Lingine lingepata mkono usioyumba milele.

Lwifa ilikuwa na watu elfu mbili na mia sita, na barabara ya lami. Malori yangewatoa wote kwa siku tatu. Itebela ilikuwa na watu elfu moja na mia moja, na njia moja tu ya kutokea, ambayo daraja lake la kamba lilichukuliwa na mto mwezi wa tatu. Wazima walivuka kwa kushikana mikono kwenye maji ya kiunoni. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wa kitandani hawakuvuka, wala kijia cha kukwea kituoni hakipitishi machela. Walikuwa arobaini na mmoja, na helikopta haziruki kwenye ukungu wa masika kule juu.

Kwa hiyo ukiliangusha bega la Lwifa, hafi mtu, ila elfu mbili na mia sita wanapoteza kila kitu. Ukiliangusha la Itebela, arobaini na mmoja wanazikwa hai. Ukikaa kimya, unarusha shilingi hewani.

Subilaga aliyasema haya yote redioni kwa Mhandisi Shelutete wa Bodi, mtu wa makao makuu, mwenye sauti ya taratibu. Shelutete alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana ushauri wake ulikuwa mgumu kuukataa. Alikubali hesabu zote. Malori angeyatuma kesho yake, na watu wa Lwifa wangepewa viwanja kule tambarare. Alichoomba ni kitu kimoja tu: wasiambiwe kwamba kuna kuchagua. Waambiwe mlima unaangukia Lwifa, basi. Mtu anayekimbia mlima hupanda lori. Mtu anayeombwa kutoa nyumba yake ili ya jirani ibaki huitisha mkutano, na mkutano wa watu waliowahi kushikiana mapanga hauishi kwa siku tano.

"Waambieni mlima umechagua," alisema Shelutete. "Ni uongo mdogo, Mama, na unaokoa kila mtu."

Subilaga alizima redio, akakaa mikono mapajani. Alitamani kitu kimoja tu, mtu mwingine aje achukue ufunguo wake wa ubao wa nguzo, aende akalale.

4

Funguo zilikuwa mbili. Ubao wa kulegeza nguzo haukufunguka bila zote, na moja ilikuwa shingoni mwa Ambakisye. Hilo pia lilitokana na amani ile ya miaka ishirini na sita: kila bonde na ufunguo wake.

Alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho, akimenya ndizi ya kuchoma bila kuila. Kisha akasema, kwa upole, na ule upole ulimuuma Subilaga kuliko makelele.

"Mama yako yuko Itebela."

"Yuko."

"Hatembei."

"Hatembei, shemeji. Ni mmoja kati ya wale arobaini na mmoja."

Ambakisye aliiweka ndizi chini. "Angekuwa mama yako Lwifa na wangu Itebela, hesabu ingetoka hivi hivi?"

Subilaga alikuwa ameifanya hesabu ile mara tisa akitafuta penye mkono wake, mahali alipojipendelea bila kujua. Hakuona. Lakini ni yeye huyo huyo ambaye hakuona kitu kwa miaka ishirini na sita, na wakati huo pia alikuwa ameangalia vizuri.

"Ingetoka hivi hivi," alisema mwishowe. "Ila sijui kama ningeiamini."

Ambakisye akatikisa kichwa polepole. Alikuwa na nyumba Lwifa aliyoijenga tofali kwa tofali, na kaburi la kaka yake nyuma ya nyumba hiyo, na shamba la kahawa la ekari mbili ambalo mwaka huo lingezaa kuliko miaka yote. Tambarare alikuwa ameifika mara moja, akarudi na malaria. Aliyataja yote hayo bila kuyapandisha wala kuyashusha. Halafu akasema shemeji yake akiwaambia watu wa Lwifa mlima umechagua, yeye atakaa kimya, na ufunguo atautoa, kwa sababu watu arobaini na mmoja ni watu. Lakini Subilaga asimwombe amwambie kwamba amefanya vizuri.

Wakakaa wakiangalia mvua. Subilaga aliwaza jinsi uongo ule ulivyokuwa mwepesi. Ungefanana kabisa na wazo lake la ujanani. Chukua walichonacho watu wa pande mbili, kitie kwenye kopo, choma, waonyeshe moshi, amani. Na kama wangeambiwa ukweli wakakataa? Mama yake alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya bega la mlima, anauliza kila anayeingia kama mvua imekatika. Hiyo ndiyo ingekuwa gharama ya ukweli wake, na asingeilipa yeye.

Alihisi hasira, ya kweli kabisa, na haikuwa na mtu wa kumwangukia. Akainuka, akavaa koti lenye karatasi mbili mfukoni.

"Nipeleke Lwifa," alisema. "Nitawasomea."

5

Walikutana kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, mchana, mvua ikiwa imepumzika. Subilaga alisimama mbele ya watu ambao wengi wao aliwajua kwa majina ya watoto wao, maana alikuwa amekaa nao miaka zaidi ya thelathini, akapika kwenye misiba yao na kubeba kuni harusini kwao. Akatoa karatasi mbili. Akasoma ya Itebela, akasoma ya Lwifa, kila moja peke yake, kwa mara ya kwanza tangu zama za mapanga. Akaeleza kiazi na paa. Akasema kwamba kugawa kwa mbili lilikuwa wazo lake, na kwamba ndilo lililowaficha ugonjwa. Kisha akasema kuna kuchagua.

Hapo uwanja ukachemka. Mwanamke mmoja aliuliza makaburi yatahamishwa na nani. Mwanamume ambaye baba yake aliuawa katika ule ugomvi wa zamani alisema Itebela wangejenga daraja la maana mapema, wagonjwa wao wasingekwama, na mwingine akamjibu kwamba daraja lilikuwa la kujenga pamoja, na Lwifa ndiyo iliyokataa kutoa nguvukazi. Kijana mmoja akasema wazi, bila kuficha, kwamba mama wa mpimaji yuko kule na sasa kila mtu ameelewa. Subilaga akasema ndiyo, mama yangu yuko kule, ni mmoja wa arobaini na mmoja, na ningeweza kuwaficha hata hilo. Akasema hatageuza ufunguo wowote bila wao kukubali. Wakikataa, basi itakuwa ni kungoja.

Saa nzima ikapita hivyo. Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani, na Subilaga alikuwa akiyahesabu maneno ya watu jinsi mtu anavyohesabu matone yanayovuja darini, anajua ndoo itajaa.

Ndipo mtu akakohoa nyuma ya umati. Mara moja.

Kwa mazoea ya maisha yake yote Subilaga akageuka, akavuta khanga kufunika uso, akaanza kurudi nyuma kutafuta ukuta. Hapakuwa na ukuta. Umati ulifunguka katikati, na Mzee Mwaijande akaja na fimbo yake mpaka mbele, akasimama hatua tatu kutoka kwa mkamwana wake. Watu waligeuza macho, kwa aibu.

"Subilaga," alisema mzee. "Nitazame."

Akateremsha khanga. Ndipo alipoiona sura ile kwa mara ya kwanza kwa karibu: macho ya mumewe, pua ya Ambakisye, kovu juu ya nyusi ambalo hakuwahi kujua kama lipo.

"Wasiojiweza kule ni wangapi?"

"Arobaini na mmoja," alisema, kisha akakwama, kwa sababu hakuwahi kumwita kwa jina lolote na hakujua amalizieje.

"Miaka ishirini na sita nimeshuhudia moshi," alisema mzee. "Na juzi nilikohoa, nikaenda nyumbani nimeridhika. Ule ulikuwa moshi wa nini?"

"Wa gazeti."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Aliwageukia watu wake. Hakutoa hotuba. Alisema yeye binafsi hataki kwenda kufia tambarare kwenye mbu, wala hataki kubaki kwenye nyumba iliyosimama juu ya bibi mmoja aliyezikwa akiwa macho. Kati ya hayo mawili, atapanda lori. Asiyetaka aseme sasa, wamsikie wote. Wapo waliosema. Walisema kwa uchungu na walilia, na yule kijana aliondoka akipiga teke magunia ya kahawa. Lakini jua lilipokuwa linazama nyuma ya ukungu, hakuna aliyekuwa akisema hapana tena.

Mzee akamgeukia tena Subilaga, akamtazama wazi wazi usoni, jinsi unavyomtazama karani au mgeni wa serikali.

"Tutahama," alisema. "Asante kwa kutusomea."

Akapita. Na hapo ndipo Subilaga alipoelewa alichofanyiwa. Mila hazikuwa zimevunjwa pale. Mkamwana hatazamwi, wala hatajwi jina mbele za watu. Anayetazamwa na kuitwa kwa jina ni mtu baki. Mzee alikuwa amewaokoa mama yake Subilaga na wenzake arobaini, na kwa pumzi ile ile alikuwa amemtoa yeye kwenye ukoo, bila tusi wala kelele, mbele ya kila mtu aliyejua maana yake.

Ambakisye alikuja mwisho. Alivua ufunguo shingoni, akaufunga ndani ya karatasi ya vipimo vya Lwifa vya asubuhi hiyo, akamtia mkononi.

"Hii usiichome, Mpimaji," alisema.

Hakumwita shemeji.

6

Malori ya Shelutete yalikuja kweli, hilo lazima lisemwe. Siku ya nne alasiri la mwisho lilipinda kona ya chini ya shule, limebeba milango, kuku, na mashine ya kukobolea kahawa. Redio ikathibitisha: Lwifa haina mtu. Subilaga alipitia majina mara mbili, akaingiza ufunguo wake, akaingiza wa Ambakisye, akageuza.

Alilegeza nguzo mbili, kwa uzito wa mtu aliyeegemea. Kwa muda hapakutokea kitu, na aliwaza kipumbavu kwamba labda amekosea, labda hapakuwa na ulazima wowote. Kisha bega la magharibi likaondoka. Lilishuka zima zima, likiwa bado na miti yake, na sauti ilimfikia baadaye, ikapita miguuni kabla ya masikioni. Vumbi likajaa bondeni mpaka usawa wa kituo. Alilia sana, kwa sauti, akiwa peke yake na hana wa kumstahi. Aliwalilia wote, lakini zaidi lile kaburi nyuma ya nyumba.

Itebela haikutikisika hata bakuli. Mama yake, walimwambia baadaye, aliuliza hiyo ni radi?

Asubuhi iliyofuata mpimaji msaidizi wa Itebela alipandisha karatasi yake kama kawaida, akamshika mkono, akasema neno la pole na neno la shukrani yakagongana, akashuka. Subilaga aliketi mezani. Akaandika kipimo: nane nukta sita nne. Akapiga mstari, akaandika jibu chini yake, nne nukta tatu mbili, na alikuwa ameshafika kwenye kompyuta alipoona kwamba amegawa kwa mbili.

Alikaa akiitazama ile nusu. Kisha akaikata, akaingiza nane nukta sita nne yote, akashusha. Picha ikateremka hatua chache, ikasimama. Akaisukuma kwa kufuata mgongo, ikarudi. Akaisukuma kwa ubavuni, mashariki, magharibi, kwa nguvu, kwa ukali hasa. Ikarudi kila mara. Akaandika Umetulia, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita neno lile lilikuwa kweli.

Akachukua karatasi, akaiweka ndani ya kopo la rangi. Akawasha njiti ya kiberiti, akaishika juu ya kopo, akangoja kikohozi nyuma ya ukuta.

Njiti iliwaka mpaka ikamchoma kidole. Akaipuliza. Akaitoa karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka daftarini juu ya ile ya mwisho ya Lwifa.